Filimbi Inagoma: Kosa Liko Mdomoni, Vidoleni au Kwenye Chombo?

Mwanafunzi wa filimbi akikwama huwa na washukiwa wawili tu. Wa kwanza ni mapafu yake: "Sina pumzi mimi." Wa pili ni filimbi: "Hii ni mbovu." Mara nyingi wote wawili hawana hatia. Kosa huwa la milimita chache tu: mdomo umefunika tundu kupita kiasi, kidole cha pete hakijakaa sawasawa, au kiganja kimeegemea kibonyezo kisichotakiwa. Na kwa kuwa makosa tofauti huzaa sauti mbovu zinazofanana, kubahatisha kutakuchosha bure. Dawa ni kutenga sehemu moja na nyingine mpaka mkosaji abaki peke yake.

Ninayoizungumzia ni filimbi ya kupulizwa ubavuni, ile ya chuma yenye vifuniko. Ya refa ina wenyewe. Umbo lake la leo tumelirithi kwa Theobald Boehm, mfua dhahabu na mpiga filimbi wa Munich, aliyetoa mfumo wake mwaka 1832 na kuutengeneza upya mwaka 1847. Boehm alitoboa matundu pale sauti inapoyataka, hata kama vidole havifiki, kisha akabuni vifuniko na fito za kuviunganisha ili mikono miwili iweze kuyafunga yote. Uzuri wake ni huo, na shida yake ni hiyohiyo: kifuniko kimoja cha juu kisipoziba vizuri, noti zote za chini yake huumia. Mwenye filimbi ya mwanzi atafaidika na habari za mdomo na pumzi. Za vifuniko na pedi zake, zile ziba laini za chini ya vifuniko, azipite.

Noti nitaziita kwa herufi, A mpaka G. Do ya kwaya huhama kila ufunguo wa wimbo unapobadilika, lakini kidole hakihami.

Vipimo vitatu kabla ya kulaumu chochote

Filimbi ina vipande vitatu: kichwa, ambacho ndicho chenye bamba la mdomo, kiwiliwili, na mguu, kile kipande kifupi cha mwisho. Chukua kichwa peke yake. Ziba ncha yake iliyo wazi kwa kiganja, weka mdomo, puliza. Ikitoka sauti iliyotulia, itakuwa karibu na A, ile ya mitetemo 440 kwa sekunde ambayo bendi hulinganishia vyombo vyao. Sasa ondoa kiganja. Sauti itaruka juu kwa takriban oktava nzima, yaani mpaka noti ya jina lilelile inayofuata juu. Shikilia kila moja kwa sekunde tano. Zikitoka zote mbili bila kukatika, mdomo wako hauna kesi kubwa. Mkosaji yuko mbele, kwenye vidole au kwenye chombo. Zisipotoka, usiunganishe kitu kingine. Mambo yote unayoyatafuta yako kwenye hicho kipande cha urefu wa kama sentimita ishirini na kitu.

Kipimo cha pili nakiita kushuka ngazi. Unganisha filimbi nzima upige B ya chini: gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, pamoja na kidole cha mwisho cha kulia. Kisha shuka polepole: A huongeza kidole cha kati cha kushoto, G huongeza cha pete, F huongeza shahada ya kulia, E huongeza cha kati cha kulia, D huongeza cha pete cha kulia, na hapo kidole cha mwisho kinanyanyuka. Kila ngazi ni kidole kimoja kipya. Ngazi ya kwanza inayokwaruza ndiyo inayokutajia jina la mkosaji. Kama A ni nzuri na G inakoroma, huna haja ya kuchunguza mkono wa kulia hata kidogo.

Cha tatu ni cha kutumia kwa uchache. Kwenye ile noti iliyokwaruza, bonyeza kwa nguvu kuliko kawaida. Ikitoka safi ghafla, pedi ya kifuniko hicho haizibi, na hiyo ni kazi ya fundi. Isipobadilika, rudi kwenye vidole vyako. Nasema kwa uchache kwa sababu wapo waliozoea kubonyeza hivyo mwaka mzima ili kuficha pedi mbovu, na vidole vyao vikawa vizito kama vya mtu anayefunga nati.

Dalili: hewa inatoka, sauti haitoki kabisa

Hapa ndipo wengi hukata tamaa siku ya kwanza, kwa hiyo tukae kidogo.

Filimbi haina ulimi wa tete kama zumari wala haina mdomo uliochongwa kukusaidia. Sauti huzaliwa pale mkanda mwembamba wa hewa unapogonga ukingo wa mbali wa tundu la mdomo na kuyumba, mara ndani mara nje, mamia ya mara kwa sekunde. Hewa yote ikiingia ndani, hakuna sauti. Hewa yote ikipita juu, hakuna sauti. Inatakiwa kupasuliwa na ule ukingo. Kwa hiyo mtu anayepuliza kwa nguvu bila kulenga ni sawa na anayemwaga maji ya ndoo ili kujaza chupa.

Simama mbele ya kioo ukiwa na kichwa cha filimbi tu. Bamba la mdomo likae chini ya mdomo wa chini, pale kwenye kibonde cha kidevu, na ukingo wa karibu wa tundu uguse mahali wekundu wa mdomo unapoanzia. Mdomo wa chini ufunike kiasi cha robo mpaka theluthi ya tundu. Kwenye kioo utaona kama umefunika nusu au zaidi; hilo ndilo kosa ninaloliona mara nyingi, na sauti yake huwa imebanwa, kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Ukifunika kidogo mno, utasikia upepo mtupu.

Baada ya hapo tazama uwazi kati ya midomo yako. Uwe mdogo na bapa, mfano wa punje ya mchele iliyolala. Sema "pu" taratibu, midomo ikiachana yenyewe kwa hewa, mashavu yakiwa yametulia na pembe za mdomo zimekaa bila kuvutwa. Usitabasamu. Tabasamu hutandaza mdomo ukawa mwembamba na mgumu, ilhali filimbi inataka mdomo mnene kidogo, laini, uliosogea mbele.

Sauti bado haijatoka? Usibadilishe mambo matatu kwa pamoja. Endelea kupuliza kwa utulivu huku ukizungusha kichwa cha filimbi polepole kuelekea kwako, kisha kuelekea mbele. Mahali fulani katikati sauti itawaka. Simama hapo. Ondoa mdomoni, rudisha, itafute tena. Fanya hivyo mara kumi. Kazi ya wiki ya kwanza ni kupajua mahali hapo bila kioo, na mtu akifanikiwa hilo tu, wiki haikupotea.

Kuna wenye kinundu katikati ya mdomo wa juu, kinachoshuka kama tone. Kwao hewa hugawanyika mara mbili ikipita katikati, na mwalimu akiwalazimisha uwazi ukae katikati kabisa, watateseka bure. Kama ni wewe, acha uwazi ukae upande mmoja wa kinundu na usogeze filimbi uufuate. Wapo wapigaji hodari wanaopuliza kwa pembeni.

Dalili: sauti ipo, lakini imejaa upepo

Sababu ni mojawapo ya tatu, na sikio linaweza kuzitofautisha. Kama sauti ina upepo na pia iko juu kuliko inavyotakiwa, filimbi imezungukia mbele na tundu limekuwa wazi mno. Kama imefifia na iko chini, imezungukia kwako. Kama kimo chake ni sahihi lakini imechafuka tu, uwazi wa midomo ni mkubwa.

Filimbi kuzungukia ndani haishangazi. Fito za vyuma zinazobeba vifuniko zote ziko upande wako, kwa hiyo uzito unaivuta kwako muda wote unapopiga. Mtu huanza dakika ya kwanza na sauti nzuri, dakika ya tano imezibika, naye anadhani amechoka. Unganisha filimbi ukihakikisha katikati ya tundu la mdomo inakaa mstari mmoja na safu ya vifuniko vya kiwiliwili; mwisho wa mguu, ufito wake ukutane na katikati ya kifuniko cha mwisho cha kiwiliwili. Ukishapata mkao unaokufaa, weka alama ndogo kwenye kichwa na kwenye kiwiliwili. Hutaanza kubahatisha kila siku.

Kuhusu ukubwa wa uwazi, zoezi la zamani la karatasi halijapata mpinzani. Shika kipande kidogo cha karatasi ukutani, usawa wa mdomo wako, ukae umbali wa kiganja, ukiachie na kukizuia kisianguke kwa pumzi peke yake. Uwazi mpana hukiangusha mara moja hata ukipuliza kama mfua chuma. Uwazi mwembamba hukibana bila jasho.

Dalili: kizunguzungu

Acha kupiga, kaa chini, pumua kawaida. Ni jambo la kawaida kwa anayeanza, na sababu si udhaifu wa mapafu. Filimbi haikupi ukinzani wowote, hewa nyingi unayoitoa hupotea nje ya tundu, nawe unavuta na kutoa haraka kuliko mwili unavyotaka. Kaboni dayoksaidi inashuka kwenye damu na kichwa kinazunguka. Uwazi wa midomo ukipungua, hali hii huondoka yenyewe. Kwa sasa piga dakika tano, pumzika mbili. Kizunguzungu kikiendelea hata baada ya mapumziko, au kikija usipopiga, hilo halihusiani na filimbi, muone daktari.

Pumzi yenyewe ivute kwa mdomo, mbavu za chini na tumbo vikipanuka, mabega yakiwa yamelala. Mabega yakipanda, koo limebanwa tayari kabla ya noti ya kwanza.

Dalili: noti za chini zinaruka au hazitoki

Umeshuka ngazi vizuri mpaka G, ukagusa F, na badala ya F ikatoka sauti ya juu yenye mkwaruzo. Kabla ya yote angalia mkono wa kulia umekaa wapi. Kati ya vifuniko vya mkono huo kuna vibonyezo viwili vidogo vya kupigia noti za kutetemesha, yaani noti mbili zinazopishana haraka. Vinafungua matundu yaliyo juu kabisa ya kiwiliwili. Ukigusa kimoja, hata kwa ubavu wa kidole, umefungua dirisha juu ya nyumba nzima. Mimi nilimlaumu fundi aliyenitengenezea pedi kwa wiki mbili nzima, nikamrudishia filimbi nikiwa nimenuna, naye akapiga F mbele yangu ikatoka kama kengele. Akaniambia tu, "Nyanyua mkono kidogo." Kidole cha kati kilikuwa kinalala kwenye kibonyezo. Mchagua jembe si mkulima.

Mshukiwa wa pili ni kidole cha mwisho cha kushoto. Chini yake kuna kibonyezo cha G shapu, ambacho hukaa kimefungwa mpaka ukibonyeze. Kidole kikipumzika pale, G hupanda nusu hatua na noti za chini yake hukoroma. Kiache kikielea hewani, karibu lakini kisiguse.

Wa tatu: vidole vimekaa ukingoni mwa vifuniko. Bonyeza katikati, kwa mto wa kidole, vidole vikiwa vimejikunja kama unashika chungwa. Wenye filimbi yenye vifuniko vilivyotobolewa katikati, vitano kwa kawaida, wana kazi zaidi, maana hapo ngozi yenyewe ndiyo inayoziba. Plagi ndogo za kuziba matundu hayo zipo, na hakuna aibu kuzitumia miezi ya kwanza. Ondoa moja moja, ukianzia na ya kidole kinachotii zaidi.

Ikiwa vidole havina kosa, basi ni hewa. Noti za chini hazitaki nguvu, zinataka utulivu. Legeza taya, acha nafasi kati ya meno, lenga hewa chini zaidi ndani ya tundu, mfano wa mtu anayetia ukungu kwenye kioo kwa pumzi ya joto. Ukisukuma kwa nguvu, filimbi itaruka oktava. Hivyo ndivyo ilivyoumbwa.

Dalili: noti inatoka, lakini si ile niliyoitaka

Haya ni makosa ya kidole kimoja, na orodha yake ni fupi kiasi cha kuikariri.

B inasikika chini nusu hatua: gumba la kushoto limeteleza kwenye kibonyezo cha pili, cha B flati. Vipo viwili, vimepakana, na gumba halina macho.

D inatoka E flati: kidole cha mwisho cha kulia kimebaki chini. Kidole hicho hukaa kimebonyeza kwenye karibu kila noti utakayojifunza mwanzoni, ndiyo maana husahau kunyanyuka kwenye D, ya chini na ya katikati (ya oktava ya pili). Kinyume chake pia hutokea: ukisahau kukibonyeza kwenye E, noti inatoka lakini imedhoofika na haitulii.

D ya katikati na E flati yake zina ukungu, kama zimefunikwa na kitambaa: shahada ya kushoto ilitakiwa kunyanyuka. Noti itatoka hata ukiisahau, na ndiyo hatari yake. Watu hukaa nayo miezi bila kujua. Kuanzia E ya katikati kwenda juu shahada inarudi chini.

Dalili: kutoka C kwenda D ya katikati filimbi inataka kuanguka

Inataka kweli, si mawazo yako. Kwenye C umeshika kwa shahada ya kushoto na kidole cha mwisho cha kulia tu. Kwenye D vyote viwili vinanyanyuka na vingine vyote, gumba la kushoto likiwemo, vinashuka kwa wakati mmoja, isipokuwa kidole cha mwisho cha kushoto. Hakuna mpito mbaya kuliko huu kwa anayeanza, na vitabu vingi huuweka mapema kana kwamba ni jambo dogo.

Ujue filimbi inasimama juu ya nguzo tatu: kidevu, shina la shahada ya kushoto ambapo chuma kinalala, na gumba la kulia linalosukuma taratibu kutoka chini likiwa chini ya shahada au kati yake na kidole cha kati. Nguzo hizo zikiwepo, unaweza kunyanyua vidole vyote na filimbi isiende popote. Jaribu ukiwa umekaa juu ya kitanda, kwa usalama. Kisha fanya C na D bila kupuliza, polepole, ukisikiliza vifuniko: vinatakiwa kugonga mara moja, "tap", visifuatane kama mvua ya kwanza kwenye bati. Vikigonga pamoja, ongeza hewa.

Kama gumba la kulia limejitokeza mbele likaonekana upande wa pili, filimbi itazunguka. Lirudishe.

Dalili: noti za juu zinapiga mayowe

Jirani ameshagonga ukuta. Oktava ya pili hutumia karibu vidole vilevile vya ya kwanza, kwa hiyo mtu hutafuta tofauti kwa kupuliza kwa nguvu, na kweli noti inaruka, ila inaruka na hasira, na imepanda kuliko inavyotakiwa. Njia ni kusogeza midomo mbele kidogo na kupunguza uwazi. Hewa inakwenda kasi zaidi, safari yake kuufikia ukingo ni fupi zaidi, na noti inapanda bila kelele. Zoezi: piga G ya chini, kisha bila kubadilisha kidole na bila kugonga ulimi, isogeze iwe G ya katikati kwa midomo tu, irudishe chini, rudia. Ikikatika katikati, ni sawa. Oktava ya tatu isubiri. E yake husumbua hata waliobobea kiasi kwamba filimbi nyingine hutengenezwa na kifaa maalumu kwa ajili yake tu.

Dalili: siendani na wenzangu

Filimbi baridi hulia chini. Kabla ya kujipima, funika tundu kwa mdomo na upulize hewa ya joto ndani kimya kimya kwa nusu dakika. Kisha piga A kwa sauti ya kawaida huku programu ya kupima noti ikiwa wazi kwenye simu, ila usiiangalie mpaka noti itulie. Ukiwa juu, vuta kichwa nje kidogo. Ukiwa chini, sukuma ndani. Filimbi nyingi hutengenezwa zikitarajia kichwa kivutwe nje milimita chache, kwa hiyo aliyekisukuma mpaka mwisho huwa juu siku zote.

Kupiga kwa nguvu hupandisha noti, kupiga kwa ulaini huishusha. Kama uko juu kwenye sehemu za kelele tu, usiguse kichwa, rekebisha mdomo.

Tatizo la pekee ni oktava zisizoelewana zenyewe kwa zenyewe: D ya chini iko sawa, ya katikati haiko. Ndani ya kichwa, upande ulioziba, kuna kizibo. Ule ufito wa kusafishia una mstari karibu na mwisho wake. Uingize kichwani mpaka uguse kizibo, na mstari uonekane katikati kabisa ya tundu la mdomo. Umbali huo ni kama milimita 17. Ukiwa pembeni, kizibo kimehama, mara nyingi kwa sababu mtu alizungusha taji, ile kofia ya ncha iliyoziba ya kichwa, akidhani ni la kukaza. Mpelekee fundi, na usilizungushe tena.

Dalili: kububujika, kunata, "klik" kila kifuniko kinaponyanyuka

Maji ndani ya filimbi ni mvuke wa pumzi uliokutana na chuma baridi; mate ni kidogo. Pitisha kitambaa kwa ule ufito kila umalizapo kupiga, vipande vyote vitatu, na kitambaa chenye unyevu kisilale sandukuni pamoja na filimbi. Pedi inayonata, weka karatasi laini isiyo na wino chini yake, funga kifuniko taratibu, fungua, toa karatasi. Usiichomoe ikiwa imebanwa, utachana ngozi ya pedi. Poda usitie. Soda na vitu vitamu kabla ya kupiga ndivyo vinavyoleta unataji huo, sukutua kwanza.

Viungo vya vipande havitiwi mafuta. Vikigoma kuingia, vifute kwa kitambaa kikavu, ndani na nje, halafu ingiza kwa kuzungusha, mkono ukiwa mahali pasipo na vifuniko. Fito nyingi hupindwa hapo, wakati wa kuunganisha.

Dalili: shingo, bega, kiganja vinauma

Angalia stendi ya muziki. Ukiikabili kwa kifua chote, lazima upinde shingo au ushushe mkono wa kulia. Geuza miguu na kiwiliwili chako kama digrii 45 kwenda kulia kwa stendi, halafu geuza kichwa tu uisome. Filimbi ije mdomoni, mdomo usiifuate. Ganzi vidoleni ni sababu ya kusimama saa hiyohiyo. Kuvumilia hapa si ushujaa.

Dalili: napiga kila siku lakini sisogei, na raha imekwisha

Nauliza kwanza: unapiga nini? Wengi hurudia wimbo mzima kuanzia mwanzo, wanakwama mahali palepale, wanarudi mwanzo. Baada ya mwezi wana mistari miwili mizuri mno na mstari wa tatu ulioshindikana. Kata vipimo viwili vya wimbo (vile vipande kati ya mistari ya wima) vinavyosumbua, vipige kwa nusu ya mwendo, ongeza mwendo wa metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, taratibu, kisha viunganishe na kipimo kimoja cha kabla na kimoja cha baada. Dakika kumi na tano za namna hiyo zinashinda saa nzima ya kurudia, na midomo ya anayeanza huchoka baada ya dakika ishirini hata hivyo.

Halafu kila siku piga kitu ambacho hakuna aliyekuagiza. B, A na G tu zinatosha kutafuta kwa sikio wimbo wa kitoto unaoujua. Utakosea, utacheka, utaupata. Sijui zoezi linalofungua sikio haraka kuliko hilo. Jirekodi pia, noti moja ndefu, na uandike tarehe; usiisikilize mpaka mwezi uishe.

Ukifika kwa fundi

Usimwambie "inasumbua." Mwambie ngazi iliyokwaruza, na kama ilitoka ulipobonyeza kwa nguvu. Kisha mpe aipige kabla hajafungua skrubu hata moja. Ikimtokea safi kuanzia B mpaka D, mlipe kwa muda wake na umwombe akutazame unavyoshika.